Koni Inavuma, Lakini Je, Injini Imepata Hewa?

Kijana akinunua Subaru yenye turbo, kitu cha kwanza anachobadilisha mara nyingi si tairi wala breki. Ni ea klina, yaani chujio la hewa ya injini. Lile boksi jeusi la plastiki lililokuja na gari kutoka kiwandani linafunguliwa na kutupwa stoo, na mahali pake linafungwa chujio la koni, jekundu au la bluu, kwenye bomba la alumini linalong'aa. Kazi nzima ni ya saa moja, spana namba 10 na bisibisi. Gari likiwashwa linavuma kivingine. Ukikanyaga mafuta unasikia turbo ikipiga mluzi, ukiachia inatoa "pshhh". Mwenye gari anatoka gerejini akiwa na hakika kwamba ameongeza nguvu za farasi ishirini.

Maswali huanza baadaye. Mmoja anasema gari limekuwa jepesi, mwingine anasema linakula mafuta, wa tatu taa ya injini imewaka na fundi amemwambia azoee. Wa nne injini yake imenoki kabla mwaka haujaisha, na kila mtu kijiweni ana sababu yake. Nimeyasikia yote haya hapa Arusha kwa miaka, na yananiuma kwa sababu fedha zinazoteketea ni nyingi na jambo lenyewe linaelezeka. Tunabishania chujio, na hewa tumeisahau.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Mfumo wa kuingiza hewa ni njia yote ambayo hewa hupita kutoka nje ya gari mpaka mlangoni mwa silinda: mdomo wa kuvutia hewa, boksi, chujio, sensa ya hewa, mabomba, turbo kama ipo, intakula inayoipoza hewa ya turbo, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, na mwisho manifoldi inayoigawa hewa kwa kila silinda. Chujio la koni ni kipande kimoja tu cha safari hiyo. Mfumo wa hewa baridi ni bomba refu linalolipeleka chujio mbali na joto la injini, kwa kawaida ndani ya fenda au nyuma ya bampa. Turbo ni pampu inayozungushwa na moshi wa eksozi, nayo huibana hewa kabla haijaingia kwenye injini; busti ni msukumo ambao turbo huongeza juu ya msukumo wa kawaida wa hewa. Na "kunoki" ni neno ambalo gerejini lina maana mbili zinazochanganywa kila siku; nitalifikia.

Sasa hesabu ambayo ningependa kila mwenye gari aijue. Ili petroli iungue vizuri, kilo moja inahitaji takribani kilo 14.7 za hewa. Kwa vipimo vya kawaida, lita moja ya petroli inataka hewa ya lita 9,000 hivi. Fikiria matangi mawili ya plastiki ya lita 5,000, yale tunayoyaweka kwenye minara nyuma ya nyumba: karibu yote mawili, yakiwa yamejaa hewa, kwa ajili ya petroli ya chupa moja kubwa ya maji. Kuingiza petroli kwenye injini ni kazi rahisi, pampu ndogo inaiweza. Kuingiza hewa ndiyo shughuli, na ndiyo maana nguvu ya injini yoyote ya petroli inapimwa kwa hewa inayoweza kuivuta.

Injini ya lita mbili, kama EJ20 ya Subaru, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika bila turbo huvuta karibu lita 100 za hewa kila sekunde. Ukiiwekea turbo inayokaribia kuongeza msukumo maradufu, inavuta lita 200 hivi kwa sekunde. Hesabu mpaka ishirini na tano, na hewa ya tangi lako la lita 5,000 imekwisha.

Katika Subaru Impreza au Forester yenye turbo, hewa hiyo huingilia mdomo wa plastiki ulio mbele, pembeni ya rejeta, ikaingia kwenye boksi, ikapita kwenye chujio la karatasi, kisha kwenye sensa, kisha kwenye bomba la mpira linalopita chini ya manifoldi mpaka kwenye turbo. Turbo inaisukuma kupanda kwenye intakula iliyolala juu ya injini, halafu mlango wa hewa, halafu silinda. Na lile tundu kubwa juu ya boneti, ambalo watu wengi huamini kwamba ndilo pua ya gari? Injini haivuti hata punje ya hewa pale. Upepo wa tundu lile unapita katikati ya mapezi ya intakula kuipoza, kisha unatokea chini. Nimewahi kuona gari ambalo mwenyewe ameziba tundu hilo kwa wavu mzito "ili vumbi lisiingie kwenye injini". Alichofanya ni kuinyima intakula upepo.

Intakula ipo kwa sababu ya joto. Umewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono ukashika chini ya pampu? Inaunguza. Hewa ikibanwa hupata moto, na turbo inaibana kwa nguvu kubwa zaidi: hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 25 hutoka kwenye turbo ikiwa imepita nyuzi 100 ikiwa busti ni kubwa. Hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo ndani ya ujazo uleule kuna hewa kidogo zaidi kwa uzito. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30. Chini ya boneti iliyofungwa, kwenye foleni, nyuzi 60 si jambo la kushangaza.

Hapo koni nyingi hushindwa. Boksi la kiwandani, pamoja na ubaya wa sura yake, lina mdomo unaovuta hewa ya nje, na kuta zake zinazuia joto. Koni iliyo wazi karibu na turbo na eksozi inavuta hewa iliyokwisha pikwa. Kwenye injini yenye turbo hasara inakua njiani: nyuzi 30 za ziada mlangoni zinakuwa karibu 40 hewa ikitoka kwenye turbo, na intakula inapewa mzigo ambao haikupangiwa. Asubuhi yenye baridi, boneti ikiwa wazi gerejini, gari linachanganya vizuri ajabu. Saa nane mchana, baada ya foleni, ni gari jingine.

Lakini kuna wanaosema: hata hivyo koni inapitisha hewa nyingi kuliko karatasi. Ni kweli, ikiwa mpya na safi, ukiipima peke yake juu ya meza. Swali ni kama karatasi ndiyo iliyokuwa inakaba. Barabara ya njia nne ikiishia kwenye daraja la njia moja, ukiipanua iwe ya njia sita hakuna gari litakalofika mapema. Kwenye injini, daraja linaweza kuwa mdomo wa plastiki, bomba la mpira lililojikunja, turbo yenyewe au eksozi. Kiwandani walipiga hesabu ya boksi kwa ajili ya nguvu ya gari lile, na wakaweka akiba kidogo. Ukibaki na turbo ileile na busti ileile, akiba hiyo mara nyingi inatosha.

Watu wa mbio za rali wanalijua hili kuliko sisi sote, kwa sababu wao hukabwa kwa makusudi. Kuanzia 1995 magari makubwa ya mashindano ya dunia yenye injini za lita mbili yalilazimishwa kuvutia hewa yote kupitia pete ya milimita 34 mbele ya turbo. Tundu la milimita 34 ni dogo kuliko mfuniko wa chupa ya chai. Injini zilizoweza kutoa nguvu kubwa mno zikashikiliwa kwenye farasi 300 hivi, bila mtu kugusa kitu kingine chochote. Mwaka huohuo, kwenye rali ya Catalunya nchini Hispania, wakaguzi waligundua kwamba Celica za timu ya Toyota zilikuwa na kifaa kilichofichwa kwenye turbo, kinachofungua njia ya pembeni ili hewa ipite nje ya pete, na ambacho turbo ikifunguliwa kwa ukaguzi hujirudisha mahali pake kana kwamba hakuna kilichotokea. Timu ilifutiwa pointi zote za msimu na kufungiwa miezi 12. Max Mosley, aliyekuwa rais wa FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, alikiri hadharani kwamba kilikuwa kifaa cha ufundi wa hali ya juu. Ubingwa wa mwaka huo ulichukuliwa na Colin McRae akiwa na Subaru Impreza, gari ambalo alikuja kushinda nalo Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997. Timu tajiri kabisa ilihatarisha jina lake kwa ajili ya nafasi ya milimita chache. Hawakufanya hivyo kwa ajili ya sauti.

Utajuaje kama boksi lako linakaba? Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na kifaa chake ni cha fundi ujenzi: ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa kupimia levo kwa maji. Toboa tundu dogo kwenye bomba baada ya chujio, kabla ya turbo, weka kiunganishi kidogo na uunge ncha moja ya mpira. Sehemu iliyobaki ipitishe ndani ya gari, uifunge kwenye ubao kwa umbo la herufi U, utie maji mpaka katikati. Ncha ya pili iache wazi. Gari likiwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, au mahali pasipo na magari wala watu, dereva akanyage mafuta mpaka chini kwenye gia ya tatu, na mwenzake atazame maji. Upande mmoja unapanda, mwingine unashuka. Kila sentimita 10 za tofauti kati ya pande mbili ni takribani asilimia moja ya msukumo wa hewa iliyopotea kati ya nje na turbo. Mpira uwe mrefu na maji yawe kidogo ili yasifike kwenye injini, na tundu lizibwe vizuri ukimaliza.

Maji yakitofautiana kwa sentimita 10 au 15, huna la kutafuta kwenye chujio. Hata ukiondoa kila kitu utapata hiyo asilimia moja na kidogo. Yakifika sentimita 60, kuna jambo. Basi toa chujio tu, upime tena. Rudisha chujio, toa mdomo wa plastiki, upime tena. Baada ya nusu saa unajua daraja jembamba liko wapi. Mara nyingi ni chujio la karatasi lililoziba, ambalo bei yake ni ndogo sana kuliko ya koni.

Kuna hoja moja inayowapa haki wenye turbo, nayo inatuhusu sisi wa milimani. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar es Salaam. Nairobi, iliyo juu zaidi, ni pungufu kwa asilimia 18 hivi. Gari lisilo na turbo linaipoteza nguvu hiyo moja kwa moja, na ndiyo maana gari linalojivuta Arusha huonekana limefufuka likifika Tanga. Turbo inaweza kufidia, lakini kwa kutoa jasho. Tuseme pwani hewa ina msukumo wa 100 na tunataka 200 baada ya turbo: turbo inazidisha mara mbili. Arusha inaanza na 85, kwa hiyo inazidisha mara 2.35. Sasa chujio lililoziba likikula 5 kabla ya turbo, inaanza na 80, na hesabu inafika mara 2.5. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi, msukumo unaozibana gesi za eksozi unapanda. Kile kidogo kinachopotea kabla ya turbo hulipwa kwa riba. Kwa hiyo ndiyo, kwenye gari la turbo la nyanda za juu, mfumo wa hewa usiokaba una maana. Wenye turbo hawakosei wanapoujali. Kosa ni kuamini kwamba kila koni ni mfumo usiokaba.

Upepo wa mbele je? Nimeuliziwa mara nyingi kuhusu kuelekeza bomba mbele ili gari likikimbia upepo "ujisukume" ndani. Kwa kilomita 100 kwa saa, upepo unaokupiga usoni ungeongeza msukumo chini ya nusu ya asilimia moja, tena kama ungeingia wote bila kupotea. Kwa kilomita 200 ni chini ya asilimia mbili. Bomba linaloelekea mbele lina faida ya kuvuta hewa baridi, basi.

Tufike kwenye sehemu ambayo injini nyingi zimefia. Ifikirie kompyuta ya gari kama mwenye duka. Kabla ya kukupimia unga anaweka mfuko kwenye mzani. Hewa ndiyo inayowekwa kwenye mzani kwanza, halafu petroli hupimwa kulingana nayo. Mzani ni sensa ya hewa: uzi mwembamba au kijisahani kinachopashwa moto, na hewa ikipita inakipoza. Kadiri inavyopoza ndivyo kompyuta inavyojua uzito wa hewa iliyopita. Lakini sensa haioni bomba zima. Inaona kamkondo kadogo kinachopita mbele yake, na kutoka hapo inakisia vingine vyote, kwa kuwa iliandikiwa kwamba bomba lina upana fulani.

Sasa fungua boksi la kiwandani lenye mwanya wa milimita 65, tuseme, ufunge sensa ileile kwenye bomba la milimita 75. Milimita 10 zinaonekana si kitu, ila eneo la tundu limeongezeka kwa theluthi moja. Hewa ileile sasa inapita taratibu, uzi unapoa kidogo, na kompyuta inasoma robo tatu tu ya hewa iliyopo. Inatoa petroli ya robo tatu. Injini ya turbo ikiwa kwenye busti inataka mchanganyiko mzito, kilo 11 hadi 12 za hewa kwa kilo moja ya petroli, maana petroli ya ziada huipoza silinda. Mchanganyiko uliokuwa 11.5 unapita 15. Mchanganyiko huo, kwenye busti kamili, ni moto wa kuyeyushia.

Mtu atasema: mbona gari langu linatembea vizuri mjini? Kwa sababu ukienda taratibu kuna sensa nyingine, ya kwenye eksozi, inayoonja moshi na kuiambia kompyuta isahihishe. Lakini kwenye Subaru hizi za zamani, ukikanyaga mafuta mpaka chini, kompyuta inaacha kusikiliza eksozi na kutegemea mzani peke yake. Gari linakuwa jema wakati wote isipokuwa wakati ule ulilolinunulia.

Kinachofuata ni kunoki kwa maana ya kwanza: petroli na hewa vinalipuka vyenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujafika, na mlipuko huo unapiga pistoni kama nyundo. Sauti yake ni kama kokoto ndogo kwenye kopo, na kwa mvumo wa koni huisikii. Ikijirudia, sehemu ya pistoni inayoshika ringi inavunjika, na hapo ndipo EJ nyingi hufikia mwisho. Kunoki kwa maana ya pili, kule fundi anakokutangazia kwa uso wa huzuni, ni kuisha kwa beringi za konrodi, ule mkono unaoishika pistoni. Hivi ni vitu viwili, ingawa cha kwanza kinaweza kukizaa cha pili. Hatari inazidi kwetu kwa sababu Impreza na Forester nyingi zilitoka Japani zikiwa zimepangiwa petroli ya kule ya daraja la juu, yenye oktani (kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili kunoki) 100 hivi, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Gari limekuja likiwa na akiba ndogo ya usalama. Koni yenye mzani mbovu inaimalizia.

Mafuta ya chujio nayo hupotosha mzani. Koni za pamba hupakwa mafuta maalumu ili zishike vumbi. Rafiki yangu alilifua lake, akalipaka mafuta kama anavyopaka chapati, akalirudisha lingali linatiririka. Wiki iliyofuata gari likawa linamisi na taa imewaka. Tulipoichomoa sensa, ule uzi ulikuwa umevaa koti la mafuta na vumbi, mweusi kama utambi wa kibatari. Tuliusafisha kwa dawa ya sensa, bila kuugusa kwa kidole wala kitambaa, gari likatulia.

Kuna pia hewa inayokwepa mzani. Bomba la mpira lililo kati ya sensa na turbo, lile lililojificha chini ya manifoldi, huzeeka na kupasuka. Hapo turbo inavuta, kwa hiyo ufa unaingiza hewa ambayo haikupimwa wala kuchujwa. Petroli inapungua, na vumbi linaingia bure. Ufa ukiwa baada ya turbo mambo yanageuka: hewa iliyokwisha pimwa inatoroka, petroli inazidi, eksozi inatoa moshi mweusi na gari linakula mafuta. Ile "pshhh" inayopendwa, valvu ya kutolea hewa ya turbo ikiwa imewekwa ili imwage hewa nje badala ya kuirudisha kwenye bomba, ni hali hiyohiyo ya pili. Kompyuta imelipia hewa ambayo umeimwaga, na kila ukibadilisha gia petroli inazidi kwa muda mfupi. Valvu ya kiwandani huirudisha hewa ndani kimyakimya, na kimya chake ni kazi inayofanyika.

Kuutafuta ufa ni kazi ya fundi pancha. Ziba mdomo wa bomba kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, tia upepo kidogo sana, usifikie busti ya gari, halafu pakaza maji ya sabuni kwenye kila mpira na kila klampu. Penye mapovu ndipo penye tatizo. Ningeifanya kazi hii kabla ya kununua kitu chochote. Magari haya yana miaka zaidi ya 20, na nguvu ambayo watu wanaitafuta dukani wengi wao wanaivujisha.

Vumbi nalizungumzia kwa uchungu zaidi, kwa sababu halisikiki. Udongo wetu mwekundu una chembe za silika, ngumu kuliko chuma cha ukuta wa silinda. Zile zinazoumiza ni ndogo kuliko jicho linavyoona. Zinapita kwenye chujio, zinasaga ringi, zinashuka kwenye oili na kwenda kula beringi. Ndiyo maana vyujio hupimwa kwa mambo matatu kwa pamoja, kama utaratibu wa ISO 5011 unavyotaka: kinakaba kiasi gani, kinashika vumbi kwa asilimia ngapi, na kinabeba vumbi kiasi gani kabla ya kuziba. Matangazo ya koni hutaja la kwanza. Kwa ujumla karatasi nzuri hushika vumbi laini kuliko pamba yenye mafuta, na kwa gari linalopita barabara za vumbi kila siku mimi ningechagua karatasi bila kusita.

Na karatasi yenyewe tunaiharibu. Kuipuliza kwa upepo wa kompresa kila gari linapooshwa kunaonekana ni usafi, kumbe upepo ule unachana nyuzi na kuacha vitundu ambavyo huvioni mpaka uishikilie kwenye jua. Chujio lenye vumbi kidogo hata hushika vumbi vizuri zaidi kuliko jipya, kwa kuwa vumbi la kwanza linaziba mianya mikubwa. Liache lifanye kazi mpaka lizibe, kisha nunua jingine.

Maji yana neno moja. Mfumo wa hewa baridi unaoliweka chujio chini nyuma ya bampa ni mzuri mpaka masika yafike. Anayepita Jangwani mvua ikiwa imenyesha Dar anajua maji hupanda mpaka wapi. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo silinda ikiyavuta pistoni inayagonga kama ukuta na konrodi inapinda hapohapo. Impreza za Safari zilifungiwa snorkeli, bomba la kuvutia hewa lililopanda mpaka usawa wa kioo cha mbele kwa sababu hiyo hasa, na timu zile zilikuwa zinahesabu kila sentimita ya bomba.

Basi mtu mwenye Impreza ya turbo ya kiwandani afanye nini? Boksi libaki. Chujio jipya la karatasi, lililokaa sawasawa kwenye mfereji wake bila kupinda. Sensa isafishwe. Bomba la mpira lililochoka libadilishwe, hata likiwa la silikoni ni sawa mradi sensa ibaki kwenye nyumba yake. Vifuniko vya kuzuia joto la turbo virudishwe kama fundi aliyepita alivitupa. Mapezi ya intakula yaliyolala yanyooshwe. Gharama ya vyote hivi inakaribiana na ile ya koni nzuri, na gari litachanganya mchana kama linavyochanganya asubuhi.

Anayefunga turbo kubwa zaidi ni suala jingine. Kwake boksi litakaba kweli, na sensa ya kiwandani inaweza kufika mwisho wa kipimo chake: volti 5, na hapo hata hewa ikiongezeka kompyuta haioni. Huyo anahitaji mfumo mzima, chujio kubwa ndani ya boksi lililofungwa linalovuta hewa ya nje, na kompyuta iandikwe upya kwa mwanya mpya wa sensa, gari likiwa kwenye mashine ya kupimia na mchanganyiko ukisomwa. Kazi ya mabomba na kazi ya kompyuta zifanyike siku moja. Gari lisitoke gerejini na nusu ya kazi kwa ahadi ya kumalizia mwezi ujao, kwa sababu injini huvunjika katika mwezi huo.

Na yeyote aliyekwisha kufunga koni, iwe ya bei gani, afanye hivi baada ya kilomita elfu moja: alegeze klampu, atoe bomba, achukue kitambaa cheupe kikavu na kufuta ndani, upande ule uliokwisha chujwa. Mimi nilifuta la kwangu baada ya safari moja ya kwenda na kurudi Ngorongoro. Kitambaa kilitoka chekundu, na jioni ileile nililirudisha boksi la kiwandani.